Barua ya wazi kwa wenye mfumo: Kiswahili chenu kimeishia kwenye menyu

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji, Mkuu wa Bidhaa na Mkuu wa Uhandisi

YAH: UTEKELEZAJI WA LUGHA NYINGI KATIKA MFUMO WENU WA KUMBUKUMBU ZA VIKUNDI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha imegonga mwamba. Kila lalamiko nililotuma kwenye dawati lenu la huduma lilijibiwa kwa ujumbe uleule wa shukrani, kisha tiketi ikafungwa na kubandikwa alama kwamba suala limetatuliwa. Na ujumbe huo wa kufunga tiketi huja kwa Kiingereza, kwa mtu ambaye akaunti yake imewekwa Kiswahili.

Jina la mfumo sitalitaja. Ninyi mnajijua, na wanaoutumia wataujua kwa dalili nitakazozitaja. Mimi ni katibu wa kikundi kinachotunza humo orodha ya wanachama, michango na mihtasari ya vikao. Kazi yangu ya kila siku ni kutafsiri programu za kompyuta. Kwa hiyo naujua mfumo wenu kwa pande mbili: kama mtu anayebonyeza vitufe, na kama mmoja wa wale mliowapa faili lenu la maneno walitafsiri kwa kujitolea.

Hoja yangu ni moja. Mmeichukulia lugha kuwa orodha ya maneno ya kumpelekea mtafsiri baada ya kazi nyingine zote kwisha. Lakini makosa mazito ya Kiswahili chenu hakuna mtafsiri awezaye kuyarekebisha, hata awe bingwa wa namna gani, kwa kuwa yamo ndani ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yanayouendesha mfumo. Niruhusuni niyataje.

1. Sentensi zinazoungwa kwa vipande

Ukimwondoa mwanachama kwenye orodha, skrini inaandika: "Mwanachama imefutwa." Ukifuta kikao: "Kikao imefutwa." Ukifuta vikao vinne kwa mpigo: "4 Kikaos imefutwa." Nimeinakili kama ilivyo, pamoja na hiyo s. Yaonekana kuna mstari kwenye msimbo unaosema kwamba idadi ikizidi moja, neno liongezewe s mwishoni, liwe la lugha yoyote ile.

Mfumo wenu unahifadhi jina la kitu mahali pamoja na kitenzi mahali pengine, halafu unavigundisha wakati wa kuonyesha. Kwa Kiingereza mbinu hiyo inapita salama, maana kitenzi hakibadiliki kwa kufuata kilichofutwa. Kwa Kiswahili mwanachama amefutwa, kikao kimefutwa, ujumbe umefutwa, faili limefutwa, picha imefutwa, vikao vimefutwa. Mimi kwenye faili la tafsiri naonyeshwa kitenzi peke yake, kimekatwa pande zote, na nafasi ya kujaza ni moja. Nikiandika "imefutwa", picha zitakuwa sawa na wanachama watageuka vitu. Nikiandika "amefutwa", picha zitapata uhai. Hakuna jibu sahihi la kuandika hapo.

Wala msidhani ni ugumu wa Kiswahili peke yake. Kifaransa hubadilisha umbo la kitenzi cha namna hii kulingana na jinsia ya nomino. Kwenye hesabu, Kijapani kinatosheka na umbo moja, Kiarabu kina maumbo sita, na Kipolandi kina umbo la 1, jingine la 2 hadi 4, jingine tena kuanzia 5, kisha 22 inarudi kwenye kundi la 2. Sheria hizi hamna haja ya kuzigundua upya. Zimekusanywa kwenye CLDR, hazina ya data za lugha inayotunzwa na Unicode Consortium, na vivinjari vya leo vinazo tayari ndani yake kupitia Intl.PluralRules. Gettext, zana ya kutafsirisha programu, ambayo ndiyo mnayoitumia (faili mlilotupa lilikuwa la .po), ina ngettext kwa ajili ya idadi. Ila msimbo wenu hauiiti; unaweka s.

Dawa ni sentensi nzima. Kama mna aina tano za vitu vinavyoweza kufutwa, ziandikwe sentensi tano, na kila moja itafsiriwe yenyewe. Au tumieni ICU MessageFormat, mtindo wa kuandika ujumbe unaomruhusu mtafsiri kupanga mwenyewe: ikiwa ni mwanachama andika hivi, ikiwa ni kikao andika vile, wakiwa wengi andika hivi. Najua wahandisi hufunzwa kuchukia marudio. Hapa wayavumilie.

2. Maneno yasiyo na muktadha

Kwenye orodha ya vikao kuna safu ya hali. Kikao kilichokwisha kimeandikwa "Imefungwa", na kile ambacho bado kinapokea ajenda kimeandikwa "Fungua". Watu wanaibonyeza "Fungua" hiyo wakidhani ni kitufe, na haifanyi kitu. Kilichotokea ni wazi kwa aliyewahi kukaa upande wetu: neno moja la Kiingereza linatumika kama amri mahali fulani na kama hali mahali pengine, faili limeliweka mara moja tu, na mtafsiri hakuonyeshwa skrini.

Hili lina suluhisho la miaka mingi. Faili la gettext lina nafasi ya msgctxt, ya kutenganisha matumizi mawili ya neno moja, na lina maoni ya kumweleza mtafsiri. Kwenye MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, kila ujumbe una maelezo yake yanayotunzwa kama vile ni lugha ya ziada yenye msimbo qqq: ujumbe huu hutokea wapi, hicho kilichoachiwa nafasi kitajazwa nini, ni kitufe au ni kichwa cha ukurasa. Mfasiri wa translatewiki.net, tovuti ambako ujumbe huo hutafsiriwa, huyasoma kabla ya kugusa kibodi. Faili lenu lilikuwa na mamia ya mistari na halikuwa na hata maoni moja. Tuliandika maswali, tukayatuma, hayakujibiwa, na mkachapisha tafsiri pamoja na alama zetu za kuuliza. Kitufe kimoja kwenye ukurasa wa michango hadi leo kinasomeka "Tuma??" na watu wananiuliza mimi kama ni salama kukibonyeza.

3. Kiswahili kinatoweka penye hatari

Ukurasa wa mbele umetafsiriwa vizuri, na menyu pia. Kinachobaki kwa Kiingereza ni ujumbe wa makosa, maswali ya uthibitisho, barua pepe, stakabadhi za PDF na masharti ya matumizi, yaani mahali pote ambapo mtu akikosea anapoteza kitu.

Mfano ninaoufahamu vizuri. Mwandishi wetu wa mihtasari alimaliza kuandika muhtasari wa kikao kirefu, akabonyeza mshale wa kurudi nyuma. Likatokea dirisha: swali kwa Kiingereza, vitufe kwa Kiswahili, "Ndiyo" na "Hapana". Swali lilikuwa, kwa maana yake, kama anataka kutoka bila kuhifadhi. Yeye alidhani anaulizwa kama ahifadhiwe kazi yake, akabonyeza "Ndiyo". Muhtasari wote ukapotea, na hakuna namna ya kuurudisha. Dirisha hilo lingekuwa lote kwa Kiingereza angeita mtu amsaidie. Hivyo vitufe vya Kiswahili ndivyo vilivyompa imani kwamba ameelewa.

Kwa hiyo nasema, na najua wenzangu wengine watafsiri hawatakubali: dirisha lililotafsiriwa nusu ni baya kuliko lisilotafsiriwa kabisa. Kama ujumbe mmoja haujatafsiriwa, dirisha zima lirudi Kiingereza mpaka likamilike. Na vitufe vitaje kitendo chenyewe, "Hifadhi" na "Toka bila kuhifadhi", ili hata asiyesoma swali ajue anachobonyeza.

Tulipendekeza maneno hayo. Jibu likawa kwamba kitufe hakitoshi, na kweli skrini ya majaribio ilionyesha "Toka bila ku…". Sasa hilo ni kosa la upana wa kitufe, na upana huo uliamuliwa na mtu aliyeangalia Kiingereza tu. Mwongozo wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, kuhusu ukubwa wa matini, ukinukuu takwimu za IBM, unasema maneno ya Kiingereza yasiyozidi herufi 10 yakitafsiriwa huweza kuhitaji nafasi ya asilimia 200 hadi 300. Anayepima kitufe kwa neno la herufi nne na kukifunga hapohapo ameshaamua lugha zipi zitakatwa.

4. Ritifaa

Fomu ya kuandikisha mwanachama inakataa jina lenye ng', kwa sababu ya hiyo alama ya ritifaa. Inasema, kwa Kiingereza, kwamba jina lina herufi zisizoruhusiwa. Wanachama wetu wenye majina hayo wameandikishwa kwa majina yasiyo yao, na majina hayo ndiyo yanayotokea kwenye stakabadhi, yasilingane na vitambulisho. Pale ambapo ritifaa imepenya, kwenye ujumbe wa matangazo, inatokea kama &#39; katikati ya neno, maana mfumo umeibadilisha mara mbili.

Kuna jingine dogo hapa linalogharimu pesa. Mfumo unapotuma SMS, unageuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, kwa urembo. Iliyonyooka imo kwenye jedwali la kawaida la herufi za GSM, mfumo wa simu za mkononi, ambalo huruhusu herufi 160 kwa ujumbe mmoja. Iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote hubadilishwa usimbaji, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa, na kikomo kinashuka hadi herufi 70. Tangazo la herufi 150 lililotosha SMS moja linakuwa SMS tatu, na bili kinaletewa kikundi. Kiswahili ni lugha isiyo na herufi zenye alama juu wala chini. Kwa SMS ni lugha nafuu mno. Mmeifanya ghali kwa alama ya urembo.

5. Namna ya kuchagua lugha, na lugha mnayoiambia mashine

Kitufe cha lugha ni bendera. Kiswahili hakina bendera, kina wasemaji katika nchi kadhaa, na mliyoichagua haiwahusu wote. Ukiifungua orodha, majina yote ya lugha yameandikwa kwa Kiingereza, kana kwamba anayeitafuta lugha yake ameshaijua hiyo nyingine. Andikeni kila lugha kwa jina inalojiita: Kiswahili, Français, العربية. Kivinjari hupeleka kwa seva kichwa cha Accept-Language kinachosema mtumiaji anapendelea lugha gani. Kitumieni kwa mgeni wa mara ya kwanza, na mtu akishachagua mwenyewe chaguo lake lidumu kwenye akaunti, lisifutike kila anapotoka.

Lililo zito zaidi halionekani kwa macho. Kurasa zenu za Kiswahili zimeandikwa kwenye HTML, lugha inayojenga kurasa za wavuti, kwamba lugha yake ni en. Kisoma skrini, programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona, huitegemea alama hiyo kuchagua sauti na matamshi. Mwanachama wetu asiyeona anasomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, silabi zimepinda, na hatimaye amerudi kutumia toleo la Kiingereza kwa kuwa angalau hilo linasikika. Kwenye WCAG, miongozo ya W3C ya ufikivu, kutaja lugha ya ukurasa kwa namna ambayo programu itaitambua ni kigezo 3.1.1, ngazi A, ile ya chini kabisa. Marekebisho yake ni herufi mbili: en iwe sw. Hili nililiomba kwanza kuliko yote, na ndilo lililonisukuma kuandika hadharani.

6. Tarehe

Kikao cha 03/04 ni cha Machi au cha Aprili? Kwenye orodha ni Aprili, kwenye barua pepe ya mwaliko ni Machi. Andikeni jina la mwezi, basi.

Nayajua majibu yenu, kwa kuwa baadhi mmeshanipa.

Mtasema watumiaji wengi wanatumia toleo la Kiingereza, na takwimu zenu zinaonyesha hivyo. Naamini zinaonyesha. Takwimu hizo zinamhesabu mwanachama asiyeona aliyekimbizwa na matamshi, zinamhesabu mwandishi wetu wa mihtasari ambaye sasa hataki kuiona "Ndiyo" ya Kiswahili, na hazimhesabu aliyeshindwa kujiandikisha tangu mwanzo. Mnapima matokeo ya kasoro mkiyaita matakwa ya watu.

Mtasema siku hizi tafsiri ya mashine inatosha. Kwa sentensi nzima yenye muktadha, mashine hutoa rasimu nzuri, na mimi mwenyewe huzitumia kazini. Ila mkiipa mashine kitenzi kilichokatwa pande zote, nayo itabahatisha kama nilivyobahatisha mimi. Na mtu wa kuipitia rasimu bado anahitajika, hasa kwenye masharti ya matumizi na maswali ya kufuta.

Mtasema Kiswahili hakina istilahi. Kinazo. Skrini zenu tatu zina nywila, nenosiri na neno la siri kwa kitu kilekile, na yote matatu yanaeleweka. Kinachokosekana ni faharasa ya ukurasa mmoja na mtu mwenye mamlaka ya kuilinda.

La gharama nalipa uzito wake, kwa kuwa kuyatoa maneno yote ndani ya msimbo wa mfumo uliokomaa ni kazi ndefu na ya kuchosha, na haina skrini mpya ya kuwaonyesha wawekezaji. Lakini vifaa vyenyewe ni vya bure na vya zamani. Unicode 1.0, kiwango cha kuandika herufi za lugha mbalimbali kwenye kompyuta, ilitoka 1991. Gettext ya GNU ipo tangu miaka ya 1990. ECMA-402, kiwango kinachovipa vivinjari uwezo wa kupanga tarehe na namba kwa kila lugha, kilitoka 2012, kabla hata mfumo wenu haujazaliwa. Gharama mnayoiogopa imetokana na kuchelewa, na kila skrini mpya mnayoiongeza kwa mtindo wa kugundisha vipande inaipandisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku mtakapotaka kuongeza Kiarabu, kinachoandikwa kutoka kulia, na mmeshatangaza kwamba mnataka, mtakuta pia kila "kushoto" mliyoiandika kwenye CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, inatakiwa kugeuka. Ingekuwa mmetumia margin-inline-start badala ya margin-left, kivinjari kingewageuzia chenyewe.

Na msiseme mnao watafsiri wa kujitolea. Mlikuwa nao. Facebook ilipowaomba watumiaji wake watafsiri mwaka 2008, waliona kazi yao ikitumika. Sisi masahihisho tuliyotuma hayajaingizwa mpaka sasa, na baadhi ya wenzangu wameacha. Kujitolea si kwamba muda wetu hauna thamani.

Ninachoomba ni hiki. Ndani ya wiki moja, alama ya lugha ya ukurasa (lang) irekebishwe, fomu ikubali ritifaa, na SMS ziache kuipinda. Hakuna kati ya hayo linalohitaji kikao cha bodi. Ndani ya siku 90, madirisha yote ya kufuta, kutoka na kulipa yawe ya lugha moja mwanzo hadi mwisho, na ujumbe wote unaogundishwa kwa vipande uandikwe upya kwa sentensi nzima. Kabla ya kutupelekea tena faili lolote, wahandisi wenu waupitishe mfumo kwenye lugha bandia ya majaribio: kila neno lililotoka kwenye faili la tafsiri lizungushiwe mabano na kurefushwa. Litakalotokea bila mabano limo ndani ya msimbo, na litakalokatika limewekewa kitufe kifupi. Ni jaribio la alasiri moja na litawaonyesha mengi kuliko barua hii.

Tena naomba ateuliwe mtu mmoja ndani ya kampuni, mwenye jina na anwani, wa kujibu maswali ya watafsiri kabla tafsiri haijachapishwa. Kazi ya kupitia maandishi ya kisheria ilipwe. Na tiketi ya lugha isifungwe na mtu asiyeisoma lugha hiyo.

Mkiona siku 90 hazitoshi, semeni ni ngapi na kwa nini, hilo linazungumzika. Kisichozungumzika ni kuendelea kukiweka Kiswahili kwenye matangazo yenu kama lugha inayotumika kikamilifu. Mpaka yale madirisha yakamilike, naomba sentensi hiyo iondolewe. Jibu liwekeni palepale mlipotangaza, ili wanachama wa vikundi vingine walisome bila kupitia kwangu.

Orodha ya skrini zote zenye kasoro, pamoja na picha na maneno tunayopendekeza, ipo tayari. Nitaikabidhi kwa mtu mtakayemteua siku hiyohiyo nitakapopewa jina lake.

Wenu katika kazi,

Katibu wa kikundi na mtafsiri wa programu